Namna ya kuichambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi: 2,027,025 na kura ya timu kumi na sita

Kila likizo kubwa inapofika, mwezi wa saba na wa nane, viwanja vya Bukavu hujaa mashindano ya mpira ya mitaa, na kila mashindano huanza kwa kura. Mwaka mmoja niliombwa, kwa kuwa ni mwalimu wa hesabu, nisimamie kura ya timu kumi na sita kutoka Kadutu, Ibanda na Bagira: vikaratasi kumi na sita vilivyokunjwa vilitiwa katika kofia, vikatolewa viwili viwili, na mechi nane za kwanza zikapatikana. Kabla kikaratasi cha mwisho hakijakunjuliwa, kocha mmoja alisimama na kudai kwamba kura imepikwa, kwa sababu timu yake ilikuwa imekutanishwa tena na wale wale walioitoa mwaka uliotangulia. Ili nimjibu ilinibidi kwanza nijue kura ile ingeweza kutoka kwa namna ngapi, na hesabu ilinipeleka kwenye namba 2,027,025, ambayo tangu siku hiyo nimeifanya kuwa namba yangu ya kufundishia.

Unachohitaji ni daftari la miraba na kalamu. Simu yenye mashine ya kuhesabu haikatazwi, ila kwetu mara nyingi ndiyo kwanza inasubiri umeme urudi. Jambo moja la uandishi: shuleni wengi wetu tulizoezwa kutenga maelfu kwa nukta au kwa nafasi tupu, lakini hapa nitatumia mkato.

Usianze kuigawanya namba kabla hujajua imezaliwa wapi. Chukua kikaratasi chochote kutoka kwenye kofia. Timu iliyoandikwa humo ina wapinzani kumi na watano wanaowezekana. Ukishampata mmoja, waweke wawili hao kando, na kofiani zitabaki timu kumi na nne. Chukua tena kikaratasi chochote. Safari hii wapinzani ni kumi na watatu. Endelea hivyo, nao watakuwa kumi na mmoja, tisa, saba, watano, watatu, na mwishoni mmoja tu. Kwa hiyo idadi ya kura zote ni 15 × 13 × 11 × 9 × 7 × 5 × 3 × 1. Wanafunzi wangu karibu wote huandika kwanza 16 × 15 × 14 na kuendelea, na hapo hukosea, kwa sababu hesabu hiyo huhesabu kura ileile mara nyingi: inaitenganisha mechi ya timu A dhidi ya B na ile ya B dhidi ya A, tena inajali ni mechi ipi iliyotoka kofiani kwanza. Asiyeamini ajaribu na timu nne. Kanuni inasema 3 × 1, yaani kura tatu, na kweli zipo tatu tu: A na B huku C na D, A na C huku B na D, A na D huku B na C.

Zao hilohilo hujitokeza mahali ambapo hakuna mpira wala kofia. Mtafiti wa viumbe anayetaka kuchora mti wa ukoo wa spishi tisa, mti ambao kila tawi hugawanyika mawili na ambao una shina moja la asili, ana michoro 2,027,025 ya kuchagua. Spishi mbili zina mti mmoja. Ya tatu inaweza kupachikwa mahali patatu, ya nne mahali patano, na kila inayofuata hupata sehemu mbili zaidi ya ile iliyotangulia, hadi ya tisa inayopata sehemu kumi na tano. Kwa hiyo mtu anayelinganisha sokwe na nyani tisa tu wa misitu yetu tayari ana kazi ambayo kalamu haiwezi kuimaliza.

Sasa zidisha, na hapa mpangilio ni nusu ya kazi. Ukienda kwa zamu kutoka 15 kushuka utapata 195, 2,145, 19,305, 135,135, 675,675, kisha 2,027,025, na utakuwa umepita mahali pengi pa kujikwaa. Mimi napendelea kuzipanga namba zenyewe kwanza. Zishike 7, 11 na 13 pamoja: 7 × 11 ni 77, na 77 × 13 ni 1,001. Kisha ziunganishe 3 na 15, ambazo huzaa 45, na 5 na 9, ambazo pia huzaa 45. Zao lote basi ni 45 × 45 × 1,001, yaani 2,025 × 1,001. Kuzidisha kwa 1,001 hakuhitaji hata kalamu: ni kuchukua namba mara elfu moja na kuiongezea yenyewe, kwa hiyo 2,025,000 na 2,025 hufanya 2,027,025. Mwaka 2025, ambao watu wa Bukavu hawatausahau kwa sababu zisizohusiana na hesabu, ulikuwa mraba kamili. Mwaka wa namna hiyo uliotangulia ulikuwa 1936, mraba wa 44, na utakaofuata ni 2116, mraba wa 46.

Karibu kila jambo linalofuata limefichwa ndani ya umbo hilo la 45 × 45 × 1,001. Hata hivyo mara nyingi utapewa namba tupu bila asili yake, kwa hiyo ni lazima ujue kuifungua kutoka nje. Jifanye huujui mwanzo wake, uitazame 2,027,025 kama mtu asiye na jamaa.

Anza na mkia. Tarakimu ya mwisho ni 5, kwa hiyo namba ni witiri na inagawanyika kwa 5. Mbili za mwisho ni 25, kwa hiyo inagawanyika pia kwa 25. Tatu za mwisho ni 025, na kwa kuwa 25 haigawanyiki kwa 125, namba nzima nayo haigawanyiki kwa 125. Basi 5 imo mara mbili kamili, wala si zaidi.

Kisha jumlisha tarakimu: 2 + 0 + 2 + 7 + 0 + 2 + 5 ni 18, namba ambayo 9 huigawanya bila baki. Kipimo hiki hufanya kazi kwa sababu 10, 100, 1,000 na wenzao wote, ukiwagawanya kwa 9, hubakiza 1, hivyo kila tarakimu hubakiza thamani yake yenyewe. Lakini usiridhike hapo, kwa maana 18 inakuambia kwamba 9 imo, haikuambii imo mara ngapi. Gawanya: 2,027,025 kwa 9 ni 225,225. Jumlisha tena tarakimu, utapata 18 nyingine, basi gawanya tena: 25,025. Sasa jumla ni 14, na 3 haigawanyi 14, kwa hiyo hapo milango ya 3 imefungwa. Tumetoa 9 mara mbili, yaani 3 mara nne. Itazame pia 225,225 kabla hujaiacha: namba yoyote ya tarakimu sita inayojirudia hivyo, tatu kisha zilezile tatu, ni zao la 1,001, na jicho lililozoea huliona hilo kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwa 7, 11 na 13 wengi hugawanya moja kwa moja, na hakuna ubaya, ila kipimo kimoja kinatosha kwa zote tatu. Kata namba katika makundi ya tarakimu tatutatu kuanzia kulia: 025, 027, 2. Toa na ujumlishe kwa kupishana: 25 − 27 + 2. Jibu ni 0, na 0 hugawanyika kwa chochote, kwa hiyo namba yetu inagawanyika kwa 7, kwa 11 na kwa 13 kwa mpigo mmoja. Siri yake ni kwamba 1,000 ni 1,001 kasoro moja, wakati 1,000,000 ni 999 × 1,001 na moja zaidi. Kundi la maelfu hubeba alama ya kutoa, na la mamilioni alama ya kujumlisha. Kama jibu lisingekuwa 0, ungeligawanya hilo jibu dogo kwa 7, 11 na 13, nalo lingekuambia ukweli uleule kuhusu namba kubwa.

Kipimo hiki kiliniokoa mbele ya darasa. Niliwahi kuandika ubaoni 2,072,025, nikiwa nimebadilishana nafasi za 2 na 7, na nilipojumlisha tarakimu nikapata 18 ileile, nikaendelea kwa raha zangu hadi mwanafunzi wa dawati la nyuma aliposema kwamba mgawanyo wa 7 haumtoki. Jumla ya tarakimu haiwezi kuligundua kosa la kubadilisha nafasi, kwa sababu tarakimu zimebaki zilezile. Makundi ya tatutatu yaliligundua papo hapo: 25 − 72 + 2 ni −45, ambayo haigawanyiki kwa 7 wala 11 wala 13. Tangu hapo, kila zao ninalonakili nalipima mara mbili, kwa 9 na kwa 11, maana tarakimu mbili jirani zisizofanana zikibadilishana nafasi, baki la 11 lazima libadilike.

Ukishatoa 3 nne, 5 mbili, 7, 11 na 13, hakuna kinachobaki isipokuwa 1. Andika: 2,027,025 = 3⁴ × 5² × 7 × 11 × 13. Hizi ni namba tasa, na namba kubwa haina njia nyingine ya kuandikwa kwa namba tasa ila hiyo, ukiacha mpangilio wake.

Kutoka hapo hesabu vigawo. Kila kigawo cha 2,027,025 hutengenezwa kwa kuchagua: chukua 3 ngapi, kuanzia sifuri hadi nne, kwa hiyo una chaguo tano, 5 ngapi, chaguo tatu, kisha kila moja ya 7, 11 na 13 uichukue au uiache, chaguo mbili kwa kila moja. Zidisha 5 × 3 × 2 × 2 × 2, utapata 120. Tuseme umechukua 3 mbili, hukuchukua 5, ukachukua 7 na 13 na kuiacha 11: umepata 9 × 7 × 13, yaani 819. Vile ulivyoviacha navyo vinaunda kigawo kingine, 2,475, na 819 × 2,475 vinarudisha namba yetu. Kwa hiyo vigawo 120 hutembea kwa jozi, jozi 60, na kwa kuwa namba hii si mraba kamili hakuna kigawo kinachobaki bila mwenzake. Mtu mwenye maharagwe 2,027,025 na uvumilivu usio na mwisho angeweza kuyapanga katika mistatili 60 tofauti.

Jumla ya vigawo haihitaji kuviandika vyote. Kwa kila namba tasa jumlisha vipeo vyake kuanzia 1: 1 + 3 + 9 + 27 + 81 ni 121, 1 + 5 + 25 ni 31, na kwa zile tatu za mwisho ni 8, 12 na 14. Zidisha zote tano, utapata 5,041,344. Toa namba yenyewe, na vigawo vilivyobaki vina jumla ya 3,014,319, ambayo inaizidi 2,027,025. Namba ya aina hii tuiite yenye ziada, tofauti na namba kamilifu kama 6, ambayo vigawo vyake 1, 2 na 3 hujumlika kuwa 6 hasa. Miongoni mwa namba shufwa ziada ni jambo la kawaida, lakini kwa namba witiri ni adimu: ya kwanza kabisa ni 945, na chini yake hakuna hata moja. Sasa tazama 945 ni nini: 9 × 7 × 5 × 3, yaani idadi ya kura za timu kumi. Namba yetu ni 945 × 2,145, na kila namba inayogawanyika kwa namba yenye ziada hurithi ziada hiyo, kwa hiyo tungeweza kujua jibu bila kujumlisha chochote. Ama namba witiri iliyo kamilifu, hadi leo hakuna aliyeipata, wala aliyethibitisha kwamba haipo.

Nitakawia kidogo kwenye njia moja ya kufungua namba witiri ambayo naiona nzuri kuliko zote, kwa sababu haijaribu namba tasa mojamoja. Kwa kujaribu hivyo, mtu asiyejua chochote kuhusu 2,027,025 angelazimika kuwa tayari kwenda hadi kipeuo chake cha pili, ambacho kiko kati ya 1,423 na 1,424, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya mia mbili. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hesabu kama burudani, alieleza mwaka 1643 njia nyingine. Ikiwa namba witiri ni zao la namba mbili, basi namba hizo mbili nazo ni witiri na zina kituo cha katikati kilicho namba nzima. Mraba wa kituo hicho, ukiutoa mraba wa nusu ya umbali uliopo kati yao, hurudisha zao. Kwa hiyo tafuta mraba unaoizidi namba yako kidogo, toa namba yako, na utazame kama kinachobaki ni mraba.

Fanya hivyo. Mraba wa 1,400 ni 1,960,000, na pengo hadi namba yetu ni 67,025. Ukiligawanya kwa 2,800 unapata karibu 24, kwa hiyo jaribu 1,424. Mraba wake ni 2,027,776. Toa 2,027,025, inabaki 751, ambayo si mraba, kwa maana mraba wa 27 ni 729 na wa 28 ni 784. Songa mbele hatua moja. Mraba wa 1,425 huna haja ya kuuzidisha upya: ongeza 1,424 na 1,425 kwenye mraba uliotangulia, utapata 2,030,625. Toa 2,027,025, inabaki 3,600, na 3,600 ni mraba wa 60. Basi vigawo ni 1,425 − 60 na 1,425 + 60, yaani 1,365 na 1,485. Hatua mbili tu, na jozi iliyo karibu zaidi kati ya zile 60 imejitokeza. Fermat mwenyewe alitoa mfano wa 2,027,651,281, akaufikia mraba kwa 45,041 baada ya majaribio kumi na mawili, na vigawo vyake ni 44,021 na 46,061. Nakuonya tu kwamba njia hii ni ya haraka pale vigawo viwili vinapokaribiana. Vikiwa mbali sana, utachoka kuliko yule aliyejaribu namba tasa moja baada ya nyingine.

Kila jozi kati ya hizo 60 hutoa tofauti yake ya miraba miwili, kwa hiyo 2,027,025 inaandikika hivyo kwa namna 60. Jumla ya miraba miwili, kinyume chake, haiwezekani hata mara moja. Ukigawanya mraba wowote kwa 7, baki ni 0, 1, 2 au 4, na ukijumlisha mabaki mawili yasiyo sifuri kati ya hayo hupati kamwe namba inayogawanyika kwa 7. Kwa hiyo kama miraba miwili ingejumlika kuwa namba yetu, yote miwili ingegawanyika kwa 7, kisha kwa 49, na namba yetu ingegawanyika kwa 49. Lakini 2,027,025 kwa 7 ni 289,575, na 289,575 kwa 7 inabakiza 6. Ukitaka kuigeuza namba kuwa mraba kamili, izidishe kwa 1,001: utapata 2,029,052,025, mraba wa 45,045.

Sasa kocha. Uwezekano wa kura nzima kufanana na ya mwaka uliotangulia, kama timu ni zilezile kumi na sita, ni mara moja katika 2,027,025. Kwa mtu anayepiga kura moja kila dakika, usiku na mchana, kuzipitia zote kungechukua siku 1,407 na dakika 945. Naam, 945 ileile. Lakini kocha hakulalamikia kura nzima, alilalamikia mechi moja, na timu yake ilikuwa na wapinzani kumi na watano, kwa hiyo bahati yake mbaya ilikuwa moja katika kumi na tano. Tena hesabu kura ambazo hakuna mechi hata moja inayojirudia. Kwa timu mbili ni 0 na kwa timu nne ni 2. Kisha jumlisha daima majibu mawili ya mwisho na uzidishe kwa 4, halafu kwa 6, halafu kwa 8, na kuendelea: 8, 60, 544, 6,040, 79,008, na kwa timu kumi na sita 1,190,672. Toa hiyo kwenye 2,027,025, zinabaki kura 836,353 ambazo angalau mechi moja ya mwaka uliopita imejirudia, yaani kama 41 katika kila kura 100. Nilimwandikia kocha hesabu hii yote nyuma ya karatasi ya ratiba. Aliisoma hadi mwisho, akauliza kwa nini basi iwe timu yake na si ya jirani, na hilo sikuwa na namba ya kulijibu.

Mwaka uliofuata timu mbili za Bagira ziliomba kuongezwa. Kwa timu kumi na nane hakuna haja ya kuanza upya: zidisha 2,027,025 kwa 17, utapata 34,459,425. Vigawo vimekuwa 240, kwa kuwa 17 nayo unaweza kuichukua au kuiacha. Na ukitaka kuhakikisha hukukosea, kata makundi yako kutoka kulia: 425 − 459 + 34 ni 0.